Yule Waziri Wako wa Kituruki

Bibi yangu kipenzi,

Yule Mturuki wako kageuka. Nakwambia mwanzo kabisa usije ukasikia kwa wengine huko uliko, maana wewe khabari ulikuwa ukizipata kabla ya televisheni.

Ulipokuwa hai alitolewa uwaziri wa mambo ya nje, ukamlilia: "Masikini, wamemuonea." Kaanzisha chama chake, hakikupata kitu, na hayo yote uliyaona. Basi juzi nnanyonyesha, nafungua khabari, nnamuona jukwaani pamoja na wale wale waliokuwa wakipiga kelele wakimbizi wafukuzwe. Kashika kipaza sauti anasema wageni muda wao umekwisha, warudi kwao. Watu wanapiga makofi, naye anacheka! Wallahi nusura niitupe rimoti.

Ni huyu huyu, Bibi, aliyesema alipokuwa waziri kwamba aliyekimbia vita haulizwi kwao wapi. Ulikuwa sebuleni kwetu Khuwair, hapa Maskati, ukaacha kuchambua mchele, ukalia. Ukanambia mlipofika Maskati mkikimbia kutoka Unguja, na watoto na furushi moja, kila mlipokwenda mliulizwa nyinyi nani, kwa kuwa Kiarabu chenu kilikuwa cha kuvunjikavunjika. "Huyu kanisemea mimi," ukasema. Tangu siku ile ikawa hatuli mpaka khabari za Uturuki zishe. Mara alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mara balozi, mara mbunge, mara waziri. Vyeo vyake ulivijua kuliko vya wanao.

Na alipokuja ziara huku kwetu! Ukanilazimisha nikupeleke Matrah, kule bandarini, na bakuli la halua, jua la saa saba, tukasimama ukingoni mwa barabara. Msafara ukapita vuu, vioo vyeusi tii. "Kanipungia," ukasema. Hakukupungia, Bibi. Nlikuitikia tu kwa vile ulivyofurahi.

Sasa tabu ni hii. Kwetu jina hutoa mkubwa wa nyumba, nawe ulinishika mkono pale hospitali, tumbo langu hili hapa, ukasema akizaliwa mwanamme aitwe Nadim, kama waziri. Nikasema inshaallah Bibi, nakuahidi. Kazaliwa mwanamme. Akika Ijumaa. Mume wangu anataka jina la babake, Said, Mama anasema jina la kigeugeu halimfai mtoto, mawifi wananicheka chinichini. Hata mie jana nlisema potelea mbali, tumwite Said!

Kisha hasira zikanipanda upya. Yeye nani hata aharibu na neno lako? Katutia aibu, kakugeuka wewe uliyekuwa ukimwombea dua kila sala, na sasa atuchagulie na jina la mtoto wetu? Hata! Yeye aliahidi mbele ya dunia nzima, leo hana haya. Mimi nlikuahidi wewe peke yako, na hupo tena wa kunikumbusha. Nikigeuka nna tafauti gani naye?

Basi pumzika, Bibi. Mungu akulaze pema, akupanulie kaburi lako. Nimeshawambia wote, wamenuna, na wanune. Ijumaa mtoto atanyolewa na ataitwa Nadim. Akikua akaniuliza jina hili katoa nani, nakuahidi sitamtaja waziri. Nitamwambia kakupa bibi yangu, ambaye alikuwa mkimbizi na hakusahau.

Mjukuu wako,
Zuwena