Glasi Juu ya Injini

Jumanne, gerejini, mtaa wa Abu Hamour

Friji! Miaka kumi na tisa nashika spana, na leo injini yangu imeitwa friji.

Abu Khalid, mwenye lile gari la Kimarekani linalonizidi umri, aliniachia nichague vipuri vyote vya injini mwenyewe. Kamshafti, ile inayofungua na kufunga valvu, zilikuwa mbili: moja ya utulivu, nyingine ya mbio, ambayo hufanya injini itetemeke hata gari likiwa limesimama. Nikachukua ya utulivu. Nani mwenye akili timamu angechagua kutetemeka?

Leo nikawasha. Kisha nikafanya vile fundi wangu wa Kisumu alinifundisha kumwonyesha mteja kazi safi: nikaazima glasi kwa muuza karaki, ile chai ya maziwa na iliki, hapo nje, nikaijaza maji, nikaiweka juu ya injini. Halikumwagika hata tone. Nikasimama kando kungoja sifa.

Abu Khalid akainama, akasikiliza. "Wallahi, Otieno, hili ni gari au friji?"

Nikamwonyesha glasi. Akaitazama kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Nikifika kwa shemeji yangu," akasema, "nataka vioo vya madirisha vinisalimu kabla yake."

Nilidhani nimefutwa kazi. Kumbe natakiwa tu kuiharibu kwa mikono yangu mwenyewe! Nyumbani Kisumu watu huniletea gari linalotetemeka karibu walie, na huyu...

Basi, kesho nafunga ile ya mbio. Amesema nitajua nimefaulu glasi ikianguka yenyewe.

Muuza chai anataka glasi yake. Kesho nabeba kikombe cha plastiki.