Aliyetoka Mbali Zaidi

Jumapili. Hapa Kariandusi jua ni kali, vumbi jeupe limetanda kila mahali, na mimi nimejaa dharau hadi shingoni.

Jana tulimzika Mama. Nilikuwa na karatasi yenye maneno machache ya kumuaga. Miaka sita nimemuuguza katika nyumba hii. Nimemwosha, nimemlisha, nimembeba mgongoni hadi choo cha nje. Nilitaka dakika tatu tu za maikrofoni.

Kisha MC, bwana wa suti ya kung'aa ambaye hakuwahi kumjua Mama, akauliza, "Na nani hapa ametoka the farthest? Aje atusemeshe kwa niaba ya familia!"

Mkono wa kaka yangu Maina ukapaa. Marekani. Watu wakapiga makofi, matangani, kwa sababu mtu alipanda ndege!

Alizungumza dakika arobaini. Alisimulia theluji, akasimulia kazi yake, akakosea umri wa Mama. Nilipoinuka na karatasi yangu, MC akatabasamu.

"Pole madam, time imeisha. Nyinyi wa karibu tutawasikia hata kesho."

Nikaketi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba niliketi.

Kumbe ndiyo maana ya hilo neno lao la "the farthest", aliyetoka mbali zaidi. Ukikaa ng'ambo miaka tisa bila kumjulia mama yako hali, ukirudi wewe ni mgeni wa heshima. Ukibaki naye, wewe ni sehemu ya viti vya nyumba. Mfyu!

Leo ndiyo ile kesho. Maina alilala hotelini Nakuru, maana choo chetu hakimfai. Aliahidi kupitia hapa saa nne akielekea uwanja wa ndege, tusimame kaburini sisi wawili, nimsomee karatasi yangu. Nikapika chapati, mjinga mimi.

Saa nane akapiga simu. Nyuma yake nilisikia kisu kikikatakata nyama kwenye ubao.

"Sis, niko Kikopey na maboyz. Tumepita hapo kwenu nikasahau kuwashow wasimame. Kurudi saa hii, aki ni mbali."

Kwenu, amesema.

Kutoka Kikopey hadi hapa ni dakika chache kwa gari. Nilikata simu, nikaenda kaburini nikasoma karatasi yangu peke yangu, kwa sauti, kuku wakiparua udongo mpya. Kisha nikarudi jikoni nikala chapati zake zote.

Na nakiri, MC alichagua sawa. Katika umati wote ule, hakuna aliyekuwa mbali na Mama kumzidi Maina.