Laptopu ya Binti Yangu Inazima, Gofu la Wifi Linadunda

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi pokea salamu za mama mwenzio, naomba msaada wako maana moyo unaniwaka na usiponizima wewe nitaunguza undugu.

Nina binti mmoja tu lakini anatosha kumi, ni mchora ramani za nyumba, na simsifu kwa kuwa nimemzaa, hata mafundi ujenzi wenye mvi humwita injinia na kumpisha kiti, mimi darasa niliishia njiani lakini tumbo langu halikuishia njiani. Kazini walipompa laptopu mpya, nyembamba kama sahani, niliitunza kama kichanga, nikaifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni, nikailaza juu ya mto pale sebuleni, imefunikwa, na waya wa chaji hautoki, ili mgeni akija nifunue aone imejaa mia kwa mia.

Sasa wifi yangu, dada wa mume wangu, naye ana kijana wake karani, ana laptopu kuukuu, kona imebandikwa selotepu, kitufe kimoja kimeng'oka, na gofu hilo mshauri linashinda kutwa bila waya! Ya mwanangu ukichomoa, chai haijapoa imezima. Juzi shemeji yangu anayejenga alituita ukoo mzima kiwanjani kwake, umeme haujafika kule, binti yangu atuonyeshe ramani, ndiyo kwanza anaeleza ngazi, kioo kikaingia kiza. Kijana wa wifi akatoa gofu lake, binti akachomeka flashi yake humo, akaeleza hadi paa, watu wakapiga makofi, na wifi akanigeukia mbele za watu, "Wifi yangu, ng'ombe wa maziwa hatazamwi pembe!" Nikacheka jino pembe, ndani nimemeza wembe.

Ndipo nikakumbuka kwamba tulipopaka nyumba rangi laptopu ya mwanangu ililala kwa wifi wiki nzima. Mimi si mtoto, mshauri, wamebadilisha betri! Nzima wamebaki nayo, sisi tukarudishiwa mbovu. Binti ananiambia, "Mama, betri haziibwi hivyo, na hicho kitambaa kitoe," lakini yeye ana moyo mweupe, hawajui watu. Jumapili kuna kikao cha familia na maneno nimeshayapanga. Na wiki ijayo binti anarudi kiwanjani kumwonyesha fundi mkuu kazi, kijana wa wifi kasema atamwazima gofu lake, nimekataa, heri achore mchangani kwa kijiti kuliko wifi apate la kusema. Je, niwaumbue Jumapili, au kwanza nilete fundi azifungue zote mbili mbele ya mashahidi?

Ni mimi, Mama Injinia

*

Mama Injinia, hongera kwa binti, sifa zake nimezisikia mpaka huku. Sasa kaa chini. Mwizi wa betri nimemjua, na umemfuma kwa mikono yako mwenyewe.

Adui wa betri ni joto. Laptopu inapumua kwa matundu ya chini na ubavuni, wewe umeilaza kwenye mto, ukaifunika gubigubi, na umeme unaingia mchana kutwa. Mgonjwa wa homa angefanyiwa hivyo ungepiga kelele. Na huko kushinda imejaa mia kila siku nako kunaizeesha.

Utaniambia, "Mbona inasoma mia?" Mama, betri iliyochakaa ni mtungi uliogeuka kikombe, na kikombe nacho hujaa. Ilikuwa inadhoofu zamani, ila hukuwahi kuichomoa ukajua. Binti afungue mipangilio, atafute taarifa ya afya ya betri: itamwambia ilitoka kiwandani ikibeba kiasi gani na leo inabeba kiasi gani. Huo ndio ushahidi.

La wizi lifute. Betri ya lile gofu haiingii kwenye hiyo nyembamba, kama mfuniko wa sufuria usivyokaa kwenye birika. Tena kwa wifi yako ilipata wiki nzima ya kupumzika bila kitambaa, shukuru! Halafu karani anaandika barua, binti yako anachora nyumba nzima. Kazi nzito hula chaji.

Leo hii iweke juu ya meza kavu, wazi. Ikifika themanini ichomolewe, ikikaribia ishirini ichomekwe. Siku ya kutoka tu ndiyo aijaze, na akiwa kiwanjani apunguze mwanga wa kioo na kufunga programu asizozitumia. Taarifa ikionyesha betri imekwisha, aombe kazini wampe nyingine halisi. Ukiona imevimba, msiichaji tena, iende kwa fundi.

Wiki ijayo aazime lile gofu, tena kwa asante. Fundi mkuu anakuja kuona ngazi, haji kukagua selotepu. Wewe kilichokuuma pale si betri, ni makofi. Hebu niambie, ramani iliyopigiwa makofi ilikuwa ya mtoto wa nani?

Jumapili nenda na mdomo uliofungwa na kile kitambaa kimekunjwa vizuri, mpe wifi yako atandike mezani. Ila msisitizie: mezani tu, kisiguse lile gofu. Wiki ijayo mnalihitaji.