Usiufute Kwanza Msalaba Wako

Jelovac, juu ya ziwa la Rama,
Bosnia.
Jumapili ya Matawi, 24 Machi 2024

Mpendwa dada Kaja,

Pokea salamu zangu tele kutoka nyumbani, pamoja na za mume wangu Ilija, ambaye yupo hapa pembeni anajifanya anasoma gazeti kumbe anachungulia ninachoandika. Hujambo wewe? Goti linaendeleaje, na sukari imeshuka? Mwanao Zvonko, mkewe na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Theluji imebaki kule juu milimani tu, miplamu imeanza kuchipua, na ng'ombe wetu amezaa ndama jike, mkorofi kama wewe ulivyokuwa.

Barua yako niliipata na nimeisoma mpaka imelegea kwenye mikunjo. Unasema mke wa Zvonko amekutafutia kliniki ambako wanafuta tatuu kwa mwanga, na kwamba mwezi wa tano unakwenda kufutwa ule msalaba wa mkononi. Umechoka kuvaa mikono mirefu kwenye joto la huko Australia, na umechoka kuulizwa na wazee wenzako kama uliwahi kufungwa jela. Halafu ukaniuliza nina maoni gani. Maoni ninayo, ila yamechelewa, na yamenitoa damu kidogo. Ngoja nikusimulie.

Kusema kweli, nilipoisoma mara ya kwanza nilikasirika. Wewe ndiye uliyeupata huo msalaba, Kaja. Unakumbuka bibi Jaka alivyotukalisha uani Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu? Wewe mkubwa ukatangulia, ukalia mpaka mbwa akabweka. Mimi niko nyuma yako kwenye kigoda, mkono wa gauni nimeshaukunja, nasubiri zamu yangu. Bibi alikuwa ameshakuchanja msalaba na matawi matatu ya msonobari kwenye ncha zake, limebaki lile la chini, ndipo mama akatokea kinuni, alikokwenda kusaga unga. Akamwaga kikombe cha wino kwenye majivu, akasema enzi hizi za Wakomunisti mwalimu akiiona mikono hiyo tutafukuzwa shule. Wewe ulilia kwa maumivu, mimi nikalia kwa kukosa.

Basi hasira ikanikaa. Nikawa nakanda unga huku naitazama mikono yangu, mitupu, kama ya mtu ambaye hakuzaliwa kwetu. Bibi alikuwa na misalaba mpaka kwenye vifundo, na alipokanda ilikuwa inacheza. Mama alikuwa nayo. Wewe unao. Nyumba nzima ya wanawake, asiye na alama ni mimi peke yangu, na sasa wewe unataka kuiondoa. Hapo ndipo wazo liliponiingia, unga ukiwa bado umenishika vidole.

Nilimwambia mjukuu wangu Tihana, yule anayesoma Mostar, kwamba nataka kuchanjwa. Nilidhani atacheka. Akanikumbatia, akataka kunipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine na kiti kama cha daktari wa meno. Nikamwambia hapana, nataka kwa Šima. Unamkumbuka Šima wa nyumba ya juu, aliyejifunza kwa bibi? Amepita themanini, masikio yamekufa nusu, lakini mkono hautikisiki.

Ilija naye hakuniacha. Siku moja mezani akaanza.

"We mama, ngozi ilipokuwa laini hukutaka. Sasa imekunjamana kama soksi ndo unataka kuchorwa?"

"Sikutaka? Nilinyimwa."

"Haya. Utaonwa na nani?"

"Na wewe, kila nikikuwekea kahawa."

"Basi wakuchore na kikombe kabisa, nisiwe nasubiri."

Mkwe wangu, mume wa Zdenka, akaona ajitie ualimu. Akanieleza kwamba wanawake wetu walijichanja zamani wasichukuliwe na Waturuki, kwa hiyo ni wajibu wangu kuitunza historia. Nikamwambia, mwanangu, mimi leo hakuna wa kunichukua hata nikimlipa nauli. Na wale vijana wa mkahawani wanaojichora misalaba shingoni ili wamtishe jirani Mwislamu, sitaki kuhesabiwa nao. Nilijiuliza siku nyingi kama ninataka kwa imani, au kwa ubishi, au kwa uzee tu. Jibu langu lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Nilitaka kufanana na nyinyi.

Sasa sikiliza tulivyochekesha kijiji. Tihana alijitolea kutengeneza wino. Akachoma vijiti vya msonobari vyenye utomvu chini ya sahani ya bati, akakusanya masizi, akatia asali. Kwa maziwa ya mama ya kukorogea wino akaenda kwa mke wa Stipo, jirani yetu, ambaye ndiye pekee anayenyonyesha hapa juu. Siku ya Mtakatifu Yosefu Šima akafika na sindano zake kwenye kitambaa, akanusa kikombe, akauliza:

"Maziwa ya nani haya?"

"Ya mke wa Stipo, bibi."

"Amezaa nini?"

Tukatazamana. Stipo ana dume la mtoto, kijiji kizima kilikunywa rakia, pombe yetu ya plamu, siku alipozaliwa, na sisi sote tulisahau kwamba lazima maziwa yawe ya mama anayenyonyesha binti. Šima akawamwagia kuku kikombe chote. "Mnataka ufifie kabla ya Pasaka?" akasema, akaketi, akadai kahawa. Mimi nikawa naliangalia lile doa jeusi chini, nikaona kama mama amerudi tena kutoka kinuni.

Binti mchanga wa karibu yuko kijiji cha chini, ni wa Mersiha, mkwe wa Hajrudin yule fundi wa matrekta. Waislamu, tena katikati ya Ramadhani. Nilisema haiwezekani, tutangoja mwaka ujao. Tihana akanitupia koti, akawasha gari. Njia nzima nilikuwa natunga maneno ya kuomba radhi.

Mama mkwe wake amefunga, lakini alituwekea kahawa na kutusukumia sahani ya halua. Nikajiumauma mpaka nikamaliza kueleza. Mersiha akanitazama.

"Kwa hiyo mama Delfa, mnataka maziwa yangu mkachoree msalaba?"

"Ukikataa sitakasirika, mwanangu."

"Nikatae kwa nini? Yananimwagikia usiku kucha. Leteni kikombe." Akaingia chumbani, akatoka nacho, akasema: "Huyu wangu ananenepa kwa hayo, na wino wenu utashika tu. Ila ukipona uje unionyeshe. Nisije nikawa nimechangia kitu kibaya."

Mama mkwe wake akacheka mpaka akashika mbavu, akasema mfungo wake wote wa siku hiyo umekwenda kwa kicheko. Tukaagana kwa kukumbatiana, nami nikarudi nimeshika kikombe mapajani kana kwamba ni yai.

Tulipofika, uani kumejaa. Wanawake wa juu wote wamekuja, wameleta pita, mikate yetu iliyojazwa viazi na jibini, na rakia ya Ilija imeshaanza kupungua. Šima akachanganya upya, akachora kwanza kwa kijiti, kisha akaanza kudunga. Inauma, Kaja. Inauma kama ulivyosema, nami miaka yote nilidhani ulikuwa unajidekeza. Sikulia lakini. Niliimba, wakaitikia, na Ilija akasimama mlangoni akaacha utani kabisa. Alipoona ninamtazama akasema jua linamchoma macho. Sijui jua gani, maana kulikuwa na mawingu.

Šima alichanja msalaba, tawi la kulia, tawi la kushoto, tawi la juu. Alipotaka kushuka chini nikamshika mkono.

"Hapo basi, bibi Šima."

"Basi nini? Bado moja."

"Liache."

"Mimi siachi kazi nusu, Delfa. Watu watasema nimeishiwa macho."

Nikamwinamia kwenye sikio lile zima, nikamwambia kwamba lako nalo lilibaki hivyo hivyo. Akaishusha sindano. Kisha akaifuta, akanifunga mkono kwa karatasi ya buluu kama desturi, akasema: "Mwambie aje. Kwa huyo nitachanja hata siku ya Krismasi." Kwa mtu anayeamini kazi hii ni ya Kwaresima tu, hilo si neno dogo.

Leo kigaga kimeanza kutoka. Asubuhi nilikwenda kanisani nimeshika tawi langu kwa mkono wa kulia, juu kabisa, mpaka Padri akatabasamu. Kutoka huko nikapitia kwa Mersiha kutimiza ahadi. Aliukagua mkono wangu, akauweka kando ya shavu la mtoto, akasema umependeza. Sijafurahi hivi tangu binti yangu Zdenka azaliwe.

Sasa maoni yangu. Mkono ni wako, dada, na joto la huko unalijua wewe. Ukiufuta sitakununia, nitaendelea kukupenda na kukutumia plamu kavu. Lakini usiufute kwanza. Njoo mwezi wa nane, Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, wakati wote walio mbali wanaporudi. Zvonko alishasema atakulipia nauli, kisingizio cha goti sikikubali. Uuone mkono wangu kando ya wako, ndipo uamue. Ukitaka, Šima atupe tawi la nne siku moja, mimi na wewe, na safari hii hakuna wa kuja kumwaga kikombe. Na kabla hujaja, wakikuuliza tena kama ulifungwa jela, waambie ndiyo, na mwenzako wa chumba kimoja bado yuko Bosnia.

Nisalimie Zvonko, mkewe, na wajukuu mmoja mmoja, na huyo mdogo mwambie ndama tumempa jina lake. Tihana na Zdenka wanakubusu. Ilija anasema uje na kofia ya Australia. Mungu akulinde, akupe usingizi mwema na miguu ya kupanda kilima chetu.

Kigoda cha bibi kipo, nimekifuta vumbi. Safari hii mimi nimetangulia, zamu ni yako.

Mdogo wako akupendaye, mkono wa gauni umekunjwa,

Delfa