Bango la Herufi Nono

Nairobi mjini, 6 Mei 2025

Baba mpendwa,

Natumai goti limepata nafuu na baridi ya Uthiru haikusumbui. Mimi ni mzima, ila nina wasiwasi. Nakuandikia kwa karatasi, Rachael wa kanisa atakuletea, maana nimepanga kwa dada yake Clifford, bosi wangu wa duka la mabango, na kuta za huku ni mbao tu. Simu husikika.

Mteja mmoja, Lenox, mwenye ofisi Kilimani, ameagiza bango: "Chekechea ya Tabasamu." Alikataa kila herufi niliyomwonyesha isipokuwa zile nono za mviringo, zisizo na ncha hata moja. Ni herufi nzuri. Hata ukiwa mbali zinakuita, kama mtu mnene anayecheka. Nilimuuliza kwa nini hizo tu.

"Nani atang'oa bango ya watoto?" akasema. Wakacheka na Clifford. Mimi sikucheka.

Linapelekwa Uthiru. Umeona mgeni yeyote huko?

Mwanao, Kui

Uthiru, 11 Mei

Kui, mama yangu,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya redio.

Bango lenyewe liko kwenye ua wangu. Lenox aliomba lisimame hapo hadi chekechea ya jirani ikamilike. Aliniletea unga na sukari, akanipiga picha nikiwa kando ya bango. Kijana wa adabu. Watoto wanapitisha vidole kwenye hizo herufi, wanaziita mandazi. Chini kuna mstari mdogo. Hata kwa miwani niliona siafu tu.

Wewe unashuku hata pasta. Kula vizuri.

Baba yako

Nairobi mjini, 14 Mei

Baba,

Unisamehe, leo sina salamu. Huo mstari niliuchapa mimi: "Shamba hili ni mali ya Pambazuko Holdings." Nilidhani ni shamba la kampuni ya Lenox kweli. Nilimwambia Lenox herufi nono hazifai maandishi madogo, matundu yake huziba, a na e na o zinakuwa doa moja. Akasema, "Wacha hivyo hivyo."

Akija kudai kwamba shamba ni lao na wewe ulikubali, ataonyesha mchoro wa kompyuta, ambapo kila neno linasomeka, na picha yako ukitabasamu kando ya bango. Ling'oe leo. Andika ukutani kwamba shamba haliuzwi. Na tafadhali usiseme kwamba umeambiwa na mtu wa duka la mabango. Jana Lenox aliniuliza kwetu ni wapi. Nilimwambia Murang'a.

Mwanao, Kui

Uthiru, 17 Mei

Kui, mama yangu,

Uwe mzima popote ulipo.

Nimeling'oa. Gurdeep wa duka la hardware alinipa rangi nyekundu, na ukuta sasa unasema shamba haliuzwi, herufi zimepinda kama miguu yangu. Asubuhi hii Lenox amekuja. Akauliza kwa upole, "Mzee, nani alikuambia?"

Nikakumbuka ulivyoniomba. Nikasema hakuna, nimejisomea mwenyewe ule mstari wa chini.

Akainama pale bango lilipolala, akautazama kwa muda mrefu.

"Mzee," akasema, "hiyo hata mimi siwezi soma."

Kisha akapiga simu akiingia garini, na nikamsikia akimwita Clifford.

Nimekupigia tangu saa nne, simu yako haipatikani. Rachael anakuja na barua hii. Usingoje hata kukunja nguo. Toka naye nyumba hiyo.

Baba yako