Fungu la Kupiga Haraka

Masumbwe,
16 Februari 2025

Mpendwa Doto,

Hujambo pacha wangu? Mguu wa Bibi unaendeleaje? Mpe shikamoo yangu. Mimi na Mama ni wazima. Wachimbaji wa dhahabu wameyapenda maharage anayowauzia, hata sufuria ya pili haitoshi.

Shule mpya ni nzuri, ila kwenye klabu ya michezo tunapigwa. Nacheza ule mchezo wa karata aliotuletea mjomba Benjamini. Ninacheza na rafiki yangu Mwaisha. Tunakaa upande mmoja kupigana na Zimwi, kama tulivyokuwa tunakaa mimi na wewe. Kila zamu Zimwi linaongezeka nguvu, na sisi tunachelewa. Mwezi ujao kuna mashindano ya wawili wawili, na watakaoliua kwa zamu chache ndio washindi. Wewe ndiye uliyekuwa unapanga, mimi nilikuwa natupa karata tu. Nipangie fungu la karata la kupiga haraka. Jibu mpe mjomba, kila Ijumaa analeta mchele huku.

Pacha wako,
Kulwa


Ibadakuli,
23 Februari 2025

Mpendwa Kulwa,

Salamu zako zimefika, nami sijambo. Bibi bado anachechemea. Maji nachota mimi, ndiyo maana nilibaki mimi. Shikamoo kwa Mama.

Sanduku la karata lilikwenda na wewe kwa kuwa haligawanyiki, lakini karata zote nazijua kwa kichwa. Toa Joka, toa Mnara, toa kila karata inayokula nguvu nyingi, hata kama unaipenda. Hizo zinakaa mkononi zikisubiri, na Zimwi halisubiri. Weka Visu, Mikuki, Mbwa wa Kuwinda, na Ngoma ya Vita inayokuruhusu kuchukua karata nyingine. Fungu liwe dogo, ili karata nzuri zirudi upesi. Usiweke ngao hata moja. Ngao zote mpe mwenzako. Kazi yake ni kupokea makucha badala yako, na yeye hatapiga kabisa.

Mimi nilikuwa tayari kukaa hivyo. Huyo Mwaisha sijui kama atakubali. Watu wengi wanapenda kupiga.

Ni nani? Hukuwahi kumtaja kabla ya barua hii.

Pacha wako,
Doto


Masumbwe,
23 Machi 2025

Mpendwa Doto,

Habari za huko? Bibi ameamkaje? Sisi tuna furaha tupu, maana tumeshinda. Zimwi lilikufa kabla wenzetu hawajamaliza kuchanganya karata zao.

Mwaisha alikubali mara moja. Fainali alikuwa karibu kufa, nikataka kumkinga, akaniambia, "Piga wewe, mimi acha nife." Akafa anacheka, nami nikapiga. Ni msichana kama sisi, binti wa muuza vitenge. Anakula kwetu, na Jumamosi analala kwetu.

Kuna jambo la kuchekesha. Hapa wakisikia Kulwa lazima watafute Doto, na wakimwona Mwaisha pembeni yangu wanaona wamempata. Hata Mwalimu Stanslaus alitutangaza mstarini, "Kulwa na Doto, njooni mbele." Tukaenda.

Pacha wako,
Kulwa


Ibadakuli,
30 Machi 2025

Kulwa,

Hujambo. Bibi anawasalimu.

Doto si jina la utani. Niliitwa hivyo kwa sababu nilizaliwa nyuma yako asubuhi ileile. Mwaisha alizaliwa lini?

Lile fungu nililipanga kana kwamba anayekaa upande wako ni mimi. Nilidhani atakataa. Nilitaka akatae. Umekwenda na Mama, umekwenda na karata, na sasa jina langu umempa mtu. Ulisimama mbele ukapigiwa makofi, hukusema kitu.

Usiniombe tena nikupangie.

Doto


Masumbwe,
25 Mei 2025

Pacha wangu,

Natumaini wewe na Bibi mko wazima. Mjomba amepita hapa mara nyingi, nami nilikuwa najificha asiniulize barua.

Mwanzoni nilikuwa nawasahihisha. Nikisema huyu si Doto, wanashusha sauti, wananiuliza, "Wa kwako alifariki?" Kulwa akionekana peke yake, ndivyo watu wanavyofikiri. Nilichoka. Kumwacha Mwaisha aitwe Doto kulikuwa rahisi kuliko kusikia wakikuzika kila siku.

Baada ya barua yako nilimwendea Mwalimu. Jumatatu akatangaza kwamba huyu ni Mwaisha, na Doto yuko hai, anasoma Ibadakuli. Mwaisha alininunia. Alisema yeye hana dada, na alipenda kuitwa hivyo. Sasa tunaongea tena.

Mama ameniruhusu kuja likizo. Mwaisha anaomba tuje wote. Ukikataa, nitakuja peke yangu.

Pacha wako,
Kulwa


Ibadakuli,
1 Juni 2025

Pacha wangu Kulwa,

Hujambo? Mama hajambo? Bibi sasa anafika mpaka kisimani, ingawa ndoo simwachii.

Barua yako niliisomea nyuma ya nyumba. Sikujua kwamba wanakuuliza hivyo. Ningekuwa mimi, sijui ningejibu nini.

Wivu bado ninao. Nimejaribu kuuondoa, haujaondoka, na sitaki kukudanganya. Bibi amesema kitanda ni kipana. Mimi sikusema ni kipana. Lakini mwambie aje, na sanduku mje nalo. Tukiwa watatu Zimwi linaanza na nguvu zaidi, kwa hiyo mafungu yote nayapanga upya, na yeye nimemwekea Mikuki ajaribu kupiga.

Nitamwita kwa jina lake, Mwaisha. Kitandani wewe utalala katikati, na uso uugeuze kwangu.

Pacha wako,
Doto