Yaya, Jina Lako Nililiandika Vibaya

Yaya wangu Furaha, dada yangu mkubwa,

Leo ninakuandikia kwa kalamu. Nimeshinda mbele ya kompyuta tangu asubuhi, na ilipofika saa tisa nikaizima ingawa karatasi zilikuwa hazijaisha, nikaja kukaa hapa nyuma ya nyumba penye mwanga. Sijui barua ya mtu kama wewe inatumwa wapi. Naandika tu.

Unaikumbuka sekretaria yetu ya Kitshanga, tulipokuwa tukiwaandikia watu barua? Chumba kimoja kando ya soko, kompyuta moja ambayo tuliiita mashini, mashini nyingine ya fotokopi, na paneli ya jua juu ya bati. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika bila kutazama vidole. Lakini kabla ya vidole ulinifundisha kukaa. Uliigeuza meza ikawa ubavuni mwa dirisha, kwa sababu jua likiingia kwa nyuma yangu lilikuwa linang'aa ndani ya kioo na kunilazimisha kukunja uso. Ukaisukuma mashini mpaka mkono wangu ulionyooka ukaigusa kwa shida. Ukakuza herufi. Nikakuambia unanifanya bibi kizee, ukacheka mpaka ukashika tumbo.

Halafu kulikuwa na ile sheria yako ya mlangoni. Ukurasa ukiisha, tunasimama, tunatoka mpaka kizingitini, tunaangalia ng'ombe kwenye kilima cha ng'ambo mpaka tuweze kuwatofautisha. Wateja hawakuipenda. Siku moja mzee mmoja aliyekuja kuandikisha barua ya shamba lake alikuona umesimama pale umeshika kiuno.

"Sasa wee Mama, barua yangu inaandikwa ku mulima?"

"Papa, macho ikichoka nitakukosea jina," ulimjibu bila kugeuka. "Unataka shamba iende kwa muntu mwengine?"

Alingoja. Nilikuona mwenye maringo siku ile, nikasema moyoni kwamba mtu anayejua kazi hana haja ya mambo hayo yote.

Kisha vita vikapanda hadi kwetu. Risasi zilianza mimi nikiwa sokoni, wewe nyumbani na binti yako Neema. Watu walitawanyika, kila mmoja akashika njia aliyoiona wazi. Nilijaribu kurudi nyumbani, nikasukumwa na umati upande mwingine. Baada ya siku nyingi za mguu nilifika Walikale, nikiwa na kitenge kimoja na viatu visivyokuwa vyangu.

Pale, kwenye ofisi ya kuandikisha waliokimbia, walitafuta mtu anayejua kuandika kwenye kompyuta. Karatasi zilikuwa zinafika kutoka vijiji vyote, zimeandikwa kwa mkono: majina ya waliokimbia, ya waliokufa njiani, ya watoto waliofika peke yao. Kazi yangu ilikuwa kuyaingiza kwenye mashini, ili mtu akija kuuliza ndugu yake, jina litafutwe na lionekane. Mkubwa wetu alikuwa Papa Bahati, mtu mpole aliyekuwa akitembea na radio mfukoni.

Mwanzoni kila jina lilinishtua. Baadaye niliacha kushtuka. Sikujua ni siku gani niliacha. Niliandika jina, umri, kijiji, na mahali pa sababu ya kifo niliandika "homa", "risasi", "homa", "maji", kama mtu anayepanga vikombe. Sikusimama. Meza ilielekea dirisha na mwanga ulinipiga usoni mchana kutwa, sikuigeuza. Niliegemea kioo mpaka pumzi yangu ikakitia ukungu. Macho yaliwaka kama nimekata vitunguu, kichwa kilinigonga nyuma ya paji la uso, na jioni herufi zilikuwa na vivuli. Nilijisugua, nikaendelea. Maumivu yale hayakunisumbua sana, Yaya. Lilikuwa jambo pekee nililokuwa nalisikia.

Na kila asubuhi kabla ya kuanza, niliandika jina lako mahali pa kutafuta: Furaha Bauma. Mashini ilijibu kwamba hakuna. Nilishukuru kwamba hukuwamo kati ya waliokufa, nikaanza kazi; Neema sikumtafuta, kwa kuwa niliamini yuko nawe.

Siku moja nilitoka nje nikashindwa kusoma maandishi kwenye ukuta wa duka ng'ambo ya barabara. Niliogopa nimekuwa kipofu. Papa Bahati akanituma kwa muuguzi wa kituo cha afya, Mama Espérance, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alinimulika jicho hili, akanimulika na lile.

"Unakaa ku ekra, ku kioo ya mashini, masaa ngapi?"

"Tangu asubuhi mpaka magaribi."

"Na unapumuzisha macho wakati gani?"

Niliinua mkono nijisugue, akaushusha.

"Hauko kipofu, Mama. Macho yako imekauka na imechoka. Muntu akitumbulia ekra, anasahau kupepesa. Pepesa. Toka inje, angalia mbali. Punguza mwangaza ya mashini. Sasa enda ulale siku tatu, usiguse hata telefone. Ikikataa kupona, urudie nikutume kwa muganga wa macho."

Nilimsikiliza nikiisikia sauti yako ndani ya yake, neno kwa neno, na hata hapo sikuhisi kitu. Nilienda nikalala siku tatu na kitambaa chenye maji usoni.

Niliporudi niliigeuza meza. Niliisukuma mashini mbali. Papa Bahati aliniona nafanya hivyo, akasema: "Kwa kuwa macho imerudia, chukua karatasi za zamani, ulinganishe na ulizoingiza. Jina ikikosewa, muntu anapotea mara ya pili."

Nilianza na karatasi za kijiji cha Kibua. Watoto waliofika bila wazazi. Kwenye mashini nilisoma: Neema, miaka tisa, mama yake Faraja Bauna, amekufa kwa homa. Kwenye karatasi, kwa kalamu ya bic ya bluu, maandishi ya wazi kabisa ambayo mtoto wa darasa la tatu angeyasoma: Furaha Bauma. Neema, miaka tisa. Analelewa na mwanamke wa kanisa. Anatafuta mama yake mdogo, anaitwa Mapenzi.

Mapenzi ni mimi. Hata jina langu lilikuwa pale, na nililipita.

Karatasi ile ilikuwa mikononi mwangu majuma matatu nyuma. Majuma matatu mtoto wako alikuwa Kibua akiambiwa kwamba hakuna anayemuulizia. Nilimwita Papa Bahati, nikamwonyesha kwa kidole. Aliangalia karatasi, akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Ni nani yako?"

"Ni yaya yangu."

Alizima radio yake. Nilichukua kibao cha herufi, nikafuta Faraja Bauna, nikaandika jina lako. Nikaandika na neno "homa", kwa sababu lilikuwa limefutika pamoja na jina. Nakuambia hivi ilivyokuwa. Sikulia.

Papa Bahati mwenyewe alitafuta mwenye moto, pikipiki, anayeijua njia, amlete mtoto. Neema alifika siku ya nne, amevaa gauni la mtu mzima lililofungwa kwa kamba, na telefone yako ndani ya mfuko wa plastiki. Mwanamke wa kanisa alikuwa ameitunza. Kioo kimepasuka, lakini ndani mna picha moja yako, umesimama kwenye mlango wa sekretaria.

Hakuniuliza kwa nini nilichelewa. Nilimwambia mwenyewe. Alisikiliza, akasema, "Njo vile," kama mtu mzima anayekubali kwamba ndivyo ilivyo, akarudi kwenye telefone. Aliishika karibu na pua, asubuhi, mchana, mpaka macho yakawa mekundu na kutoa maji.

"Neema, isogeze mbali. Utaumia."

"Nikiisogeza mbali, Mama anakuwa mudogo."

Nilikaa na maneno hayo siku nzima. Kesho yake nilimwomba Papa Bahati ruhusa, nikaipeleka picha kwenye mashini, nikaikuza na kuichapa katika karatasi nne, nyeusi na nyeupe kwa sababu wino wa rangi hatuna. Niliziunganisha kwa gundi nikazibandika kwenye ukuta wa mbali kabisa na kitanda. Kiungo kinapita begani mwako, samahani, sikukata sawasawa.

Neema alikaa kitandani akaiangalia. Alipepesa. Baada ya muda akanipa telefone, akatoka kwenda kucheza na watoto wa jirani.

Nilibaki na wewe. Kutoka kule kitandani niliona kitu ambacho kwenye telefone hakionekani: una bic nyuma ya sikio, na mdomo umefunguka kidogo, kama mtu aliyekatizwa akisema jambo. Nilingoja machozi. Niliyangoja kabisa, nimekaa, mikono magotini. Hayakuja. Neema akaniita nje nimfunge nywele, nikaenda.

Pumzika, Yaya. Mtoto yuko hapa, amekula.

Mdogo wako,
Mapenzi